Fremu 60 kwa Sekunde: Jinsi ‘Vampire Hunter D’ Inavyoharibiwa kwa Jina la Kuboreshwa

Wanyonya damu wamerudi kwa kishindo kwenye kumbi za sinema, kwanza na Nosferatu ya Robert Eggers mwishoni mwa 2024, kisha Sinners ya Ryan Coogler mwaka 2025, na nyuma yao zimefufuka klipu za filamu za zamani za kutisha kwenye simu zetu. Mojawapo ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya mwaka 2000, Vampire Hunter D: Bloodlust. Tatizo ni kwamba nyingi za klipu hizo hazitufikii zilivyotengenezwa. Mtu amezipitisha kwenye programu ya akili mnemba ikazipandisha hadi 4K na fremu 60 kwa sekunde, ikafuta punje za filamu (zile chembe ndogo zinazocheza kwenye picha), ikaangaza giza, kisha akaandika chini yake kwamba imeboreshwa. Maoni yanayofuata ni pongezi tupu: sasa inateleza, sasa inaonekana. Ninavyoona mimi, hapo hakuna kilichoboreshwa. Filamu hii imetokana na riwaya, na sehemu kubwa ya kile ambacho mwandishi alikibeba kwa maneno, mwongozaji alikibeba kwa vitu viwili: muda ambao mchoro unakaa mbele ya macho, na weusi. Anayevigusa hivyo viwili ameigusa hadithi yenyewe.

Tuanze na kitabu. Hideyuki Kikuchi alitoa riwaya ya kwanza ya mfululizo huu mwaka 1983, ikiwa na michoro ya Yoshitaka Amano, na leo mfululizo umepita vitabu 40. Dunia yake ni ya zaidi ya miaka 10,000 ijayo. Wanyonya damu, wanaoitwa Makabaila, waliwahi kuitawala kwa sayansi na kwa uchawi, na sasa wanadidimia. D ni chotara, baba mnyonya damu na mama binadamu, anayekodiwa kuwaua ndugu za baba yake. Mkononi mwake wa kushoto kuna kiumbe chenye uso na mdomo, kinachopiga soga kwa niaba ya bwana wake asiyependa kusema. Filamu ya kwanza ilitoka Desemba 1985 chini ya Toyoo Ashida, dakika 80, ikitengenezwa kwa ajili ya soko la kanda za video. Inapendeza kwa namna yake, ila sura za wahusika ziko mbali na kalamu ya Amano. Ya pili ndiyo tunayoizungumzia. Yoshiaki Kawajiri wa studio ya Madhouse, ambaye tayari alikuwa amezigeuza riwaya mbili nyingine za Kikuchi kuwa filamu, Wicked City (1987) na Demon City Shinjuku (1988), alichukua kitabu cha tatu cha mfululizo. Kabaila Meier Link anaondoka usiku na binti aitwaye Charlotte Elbourne. Familia inamkodi D amrudishe, au amuue iwapo ameshageuzwa. Kundi la ndugu wa Marcus, wawindaji wa malipo, limekodiwa kwa kazi hiyo hiyo. Kinachofuata ni mbio.

Ukisoma riwaya za Kikuchi unakuta msimulizi asiyenyamaza. Anaeleza historia ya Makabaila, anaeleza silaha, na zaidi ya yote anaeleza uzuri wa D: watu wanavyopumbaa wakimtazama, upepo unavyotulia anapopita. Mwongozaji hana pa kuyaweka hayo. Akimpa D maneno, D anakufa kama mhusika. Akiweka sauti ya msimulizi juu ya picha, anageuza filamu kuwa kitabu kinachosomwa. Kawajiri alifanya jambo gumu zaidi, akamwacha D asimame. Ukingo wa kofia unafunika macho, uso haupepesi, na kinachotembea ni ncha ya vazi na nyuzi chache za nywele. Wote waliomzunguka wana haraka, yeye hana. Pigo la upanga linachukua michoro michache, kisha picha inasimama, kisha ndipo mwili wa adui unapokumbuka kuanguka. Kule kusimama ndiko kunakofanya kazi ambayo kitabuni ilifanywa na aya nzima.

Ili kuelewa kwa nini hilo haliwezi kuguswa bila madhara, inabidi kushuka hadi mezani kwa mchoraji. Filamu ya sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Bloodlust ina takriban dakika 102, yaani fremu zinazokaribia 147,000, na hakuna anayechora zote. Mchoraji mkuu wa kipande huchora mikao muhimu, kisha hujaza karatasi ya muda, ambayo kwa kawaida ya studio za Japani hubeba sekunde 6: mistari 144, mmoja kwa kila fremu. Safu zake ni matabaka ya picha. A huenda ikawa mwili, B kichwa, C nywele, D vazi. Katika kila safu anaandika mchoro namba fulani uanze kwenye fremu ipi na ukae hadi ipi. Mchoro ukikaa fremu mbili, sekunde inakula michoro 12. Ukikaa tatu, inakula 8. Upanga unaweza kupewa fremu moja moja, na uso wa anayesikiliza ukapewa fremu 40 bila kuguswa. Pembeni ya mkao mkuu anachora kipimo kidogo kinachomwambia mchoraji msaidizi michoro ya kati ikaribie wapi: ikisongamana mwanzoni, mwendo unang'oka kwa uzito, ikisongamana mwishoni, unatua taratibu. Hapo hakuna linaloachwa lijitokeze lenyewe.

Kuna bei, na si vizuri kuificha. Yutaka Minowa, aliyesanifu wahusika wa Bloodlust, alijitahidi kubaki karibu na Amano: miguu mirefu, nywele nyuzi nyuzi, vazi lenye mikunjo mingi kuliko akili inavyotaka kuhesabu. Kila mstari unaoongezwa kwenye sura ya mhusika lazima urudiwe kwenye kila mchoro wa mhusika huyo, mahali pale pale. Ukihama kidogo tu, nywele zinaanza kutetemeka kwenye kioo. Kwa hiyo mchoro wenye mistari mingi hula saa nyingi, na saa zikiliwa, idadi ya michoro kwa sekunde inashuka. Studio ilichagua michoro michache iliyojaa badala ya mingi iliyo mitupu, kisha ikaupanga ule uchache ufanye kazi ya kutisha.

Tazama mwanzo wa filamu. Ni usiku, mji umefungwa, na kitu fulani kinaingia. Hatukioni. Tunaona misalaba ikipinda yenyewe, maua yakinyauka, na ndani ya chumba cha Charlotte, kioo cha ukutani kinaonyesha msichana akiinuliwa na mikono ambayo haimo kwenye kioo. Hakuna anayepiga kelele. Tisho lote limejengwa kwa mpangilio wa kusubiri: picha iliyotulia kwa muda unaozidi kidogo ule uliouzoea, kisha badiliko dogo, kisha utulivu tena. Msalaba unaopinda kwa hatua unamwambia mtazamaji kwamba chuma kinashindana na nguvu fulani na kinashindwa. Sasa ijaze nafasi kati ya hatua hizo kwa fremu ambazo hakuna aliyezichora, na ule ushindani umekwisha. Chuma kinakuwa nta, kitu cha kuchekesha.

Weusi nao una mafundi wake. Bloodlust ni miongoni mwa filamu kubwa za mwisho kutengenezwa kwa seli, zile karatasi angavu za plastiki, ingawa kompyuta ilitumika katika baadhi ya sehemu. Mistari huhamishwa kutoka karatasini hadi upande wa mbele wa seli, rangi hupakwa upande wa nyuma, ikikauka seli hupangwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa mkono, kioo kizito huzibana, na kamera iliyo juu hupiga fremu moja. Kila tabaka la plastiki hupunguza mwanga kidogo, hivyo mhusika akihama kutoka tabaka la juu kwenda la chini, rangi yake inafifia. Fundi wa rangi lazima achanganye rangi angavu kidogo kufidia. Macho yanayong'aa, umeme na mwanga wa mwezi hupigwa kwa namna nyingine: seli nyeusi yenye matundu, taa chini yake, na filamu ile ile kupitishwa tena kwenye kamera kwa mara ya pili. Ukikosea kulinganisha, mng'ao unakaa pembeni ya jicho. Matokeo yake ni weusi wenye bluu na kijani ndani, na punje za filamu zinazotembea humo. Kuna mhusika aitwaye Benge, mmoja wa walinzi wa Barbarois waliokodiwa kumlinda Meier Link, ambaye husafiri ndani ya vivuli. Adui wa namna hiyo anatisha pale tu mtazamaji anaposhindwa kujua kivuli kinaishia wapi. Programu inayoangaza giza ili “maelezo yaonekane” inamvua silaha kabla hajatokea.

Programu zenyewe hufanya nini hasa? Huchukua fremu mbili zinazofuatana, hukisia kila doa limetoka wapi kwenda wapi, kisha hutunga picha za katikati. Kwenye mchezo wa mpira ukisio huo mara nyingi hukubalika, kwa sababu kamera ilinasa mwendo halisi. Kwenye anime, fremu ya pili huwa nakala ya ya kwanza, ya tatu ni mruko. Programu inaona tulia, ruka, tulia, ruka, na inazalisha mwendo wa kusimama na kuteleza. Wajuzi wa mambo hayo hujibu kwa kufuta kwanza fremu zinazojirudia. Lakini tumeona kwamba ndani ya kipande kimoja farasi anaweza kuwa kwenye fremu mbili mbili na vazi kwenye tatu tatu, huku kamera ikivuta mandhari kila fremu. Kwenye kipande kama hicho hakuna fremu mbili zilizo sawa kabisa, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Mandhari inateleza kama barafu na mpanda farasi anakwama juu yake. Kipande kingine ambacho nakala zimefutwa kinapoteza mapumziko yake. Nywele nyembamba zinaungana na kupasuka. Mkono ukipita mbele ya uso, vidole na shavu vinachanganyika kwa muda mfupi. Ile fremu moja au mbili ya mweko mweupe pale upanga unapogusa, ambayo iliwekwa ili jicho lishtuke, inayeyushwa ndani ya jirani zake. Na pale picha inapokatwa kwenda picha nyingine, programu isiyotambua mkato huikunja sura ya Leila, mwindaji wa kundi la Marcus, hadi igeuke mlima.

Kuhusu punje, programu huziita uchafu. Inapozifuta hufuta pia mistari myembamba, kwa sababu kwa hesabu zake mstari hafifu wa penseli na punje ni ndugu. Kisha kingo hunolewa ili kufidia, na kila mhusika hubaki na wino mzito kama wa kibandiko cha dukani.

Wanaotetea klipu hizi wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya kifundi. Skrini nyingi hujiandika upya mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24. Fremu moja hukaa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera inapovuta mandhari polepole picha inagugumia. Hilo ni kweli na linaudhi. Dawa yake, hata hivyo, ni skrini ya mara 120, ambapo kila fremu hukaa mara tano sawasawa bila kutungiwa jirani. Ya pili ni kwamba nakala tulizozoea zilikuwa mbovu: zilizobanwa mara kumi, zikahamishwa flashi hadi flashi, giza lote likiwa miraba. Miraba hiyo ina sababu. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na tukio la usiku hutumia chache za chini, hivyo data ikibanwa ngazi hizo ndizo zinazoporomoka kwanza. Mtu aliyeiona filamu hii kwa hali hiyo akakutana na klipu iliyong'arishwa, naelewa furaha yake. Ila anachokihitaji ni nakala safi iliyoskaniwa kutoka kwenye filamu ya milimita 35, vumbi likiondolewa na punje zikiachwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonifikirisha zaidi, na inatugusa sisi wa huku. Inasema filamu si msahafu. Watazamaji wamekuwa wakizigeuza siku zote. Lufufu alizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake juu ya picha, Tanzania nzima ikamsikiliza, na DJ Afro anafanya hivyo Kenya, na hakuna mwenye akili anayesema waliziharibu. Zaidi ya hapo, Bloodlust yenyewe haina lugha ya kuabudiwa: sauti za Kiingereza ndizo zilizotangulia, D akisemewa na Andrew Philpot, na sauti za Kijapani, D akiwa Hideyuki Tanaka, zikafuata. Wale mashabiki wanaomkemea kila anayeitazama kwa Kiingereza wanatetea asili isiyokuwapo. Nakubali yote hayo. Lakini mtafsiri wa kibandani husikika. Unajua huyu ni nani, unajua maneno ni yake, na chini ya sauti yake picha inaendelea na muda wake ule ule. Klipu ya fremu 60 inakaa mahali pa filamu kwa jina la filamu, na asiyejua hana namna ya kutenganisha kilichochorwa na kilichokisiwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba Wajapani walichora michoro michache kwa sababu ya ufukara, na kama wangekuwa na kompyuta zetu wangefanya 60. Ina chembe ya historia ndani yake. Mushi Production ya Osamu Tezuka ilipoanza kurusha Tetsuwan Atom (Astro Boy) kwenye runinga mwaka 1963, uchache wa michoro ulikuwa njia ya kumaliza kipindi kila wiki. Madhouse ilianzishwa mwaka 1972 na watu waliotoka Mushi, Kawajiri akiwa miongoni mwao, kwa hiyo walilelewa katika ubanaji huo. Lakini fedha huamua una michoro mingapi. Haiamui uitumie wapi. Katika Bloodlust kuna vipande vilivyochorwa kwa wingi wa kutisha, vikafuatiwa na uso uliosimama. Fukara hasambazi hivyo. Na kama kompyuta ingekuwa jibu, basi Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 ingetuonyesha: hapo kompyuta ingeweza kutoa kila fremu, lakini watengenezaji walimweka Miles Morales kwenye fremu mbili mbili kwa makusudi, huku kwenye tukio la msituni Peter Parker aliyekomaa akienda fremu moja moja, ili mwili wa kijana uonekane bado haujui kazi. Disney nao, enzi zao za fedha nyingi, walichora sehemu kubwa ya kazi zao kwa fremu mbili mbili. Fremu 24 hazikuwa kizuizi kilichosubiri kuvunjwa.

Sisemi Bloodlust haina kasoro. Theluthi ya mwisho, kwenye ngome ya Carmila, inajaza mazingaombwe mengi ambapo kimya kingetosha, na Carmila mwenyewe ni adui aliyeletwa kwa sababu filamu ilihitaji adui. Lakini mazungumzo ya D na Leila chini ya mti, wakiahidiana kwamba atakayebaki atapeleka maua kwenye kaburi la mwenzake, yanashika kwa sababu hakuna kinachotembea. Nimeona tukio hilo likipitishwa kwenye fremu 60: nyuso zinayumba kidogo kidogo muda wote, kana kwamba wawili hao wako ndani ya mtumbwi.

Madhara hayaishii kwenye klipu. Runinga nyingi bapa hutoka kiwandani zikiwa na ulainishaji huo huo umewashwa, na hapo hata diski halali haikuokoi. Kwenye Samsung huitwa Auto Motion Plus, kwenye LG ni TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow. Ingia sehemu ya mipangilio ya picha uuzime, kisha zima pia upunguzaji wa punje na mwanga unaojirekebisha wenyewe. Runinga za miaka ya karibuni huwa na Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019, ambayo huzima karibu vyote kwa mkupuo. Mwaka mmoja kabla yake, Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video wakiwaomba watu wafanye hivyo majumbani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wanafunzi. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaojifunza uhuishaji bila chuo hujifunza kwa kusimamisha video na kuisogeza fremu baada ya fremu. Kwenye YouTube ya kompyuta ni alama ya nukta kwenda mbele na ya mkato kurudi nyuma. Wanahesabu mchoro umekaa fremu ngapi, wanaangalia wapi mwendo umesongamana, wanajaribu mezani kwao. Mwenye klipu ya fremu 60 atahesabu namba ambazo hazikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya muda. Kabla ya kuanza kuhesabu, achague kipande ambacho mhusika anazungumza bila kusogea na asogeze fremu kumi. Kwenye nakala nzuri ya filamu, punje zitahama lakini mstari wa kidevu utabaki palepale na mdomo utaruka kutoka umbo moja hadi jingine. Mdomo ukipita kwenye maumbo ya ukungu yasiyo wazi wala kufumba, na kidevu kikapumua pamoja nao, aifunge klipu hiyo atafute nyingine.